Nagona ya Kezilahabi: kuna aliyeielewa kweli, au tunaogopa kusema?

#1 Fundi Saa
Wakuu, habari za jioni.

Mwaka huu nilijiapiza nisome vitabu vya kwetu tu. Nikaanza na riwaya za Mtanzania Euphrase Kezilahabi, moja baada ya nyingine, hapa hapa kibandani kati ya mteja na mteja. Rosa Mistika ilinikesheza. Pale Zakaria anapoinasa ile barua ya Charles na kumshukia binti yake, niliweka bisibisi chini nikasahau saa ya mtu mezani. Kichwamaji nayo: yule Kazimoto nilimchukia mpaka nikaanza kujiona mimi mwenyewe ndani yake. Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, zote nimezimeza.

Halafu nikafika kwenye Nagona. Kijitabu chembamba, kurasa sitini na kitu. Nikasema hiki ni cha siku mbili. Wakuu, huu ni mwezi wa pili na nimekisoma mara tatu. Kinachoniumiza ni kwamba hakuna neno lililonipeleka kwenye kamusi. Maneno yote nayajua, na sentensi zenyewe ni fupi fupi. Nikiziweka pamoja ndipo zinaponikimbia. Kuna mtu anaitwa Mimi anatembea kwenye mji wenye ukimya, mara akina Marx na Freud na Nietzsche wamo, mara Ngoma Kuu, mara tunamngoja Mkombozi wa Pili.

Swali langu: huyu ndiye yule yule wa Rosa Mistika? Nahisi Botswana ndiko walikomharibu. Aliyeielewa anieleze kama anavyomweleza fundi, si profesa.

#2 Kiroboto wa Temeke
Nimevuta kiti. Nagona ndicho kitabu pekee maishani mwangu nilichokirudisha maktaba kabla ya tarehe.

#3 Mwalimu wa Zamu
Fundi, uzi mzuri. Nianze kwa kusahihisha kidogo: Botswana umeionea. Alikwenda kufundisha huko miaka ya 90, wakati Nagona (1990) na mwenzake Mzingile (1991) vimeshachapwa. Kama ni lazima pawe na ughaibuni uliomharibu, basi sema Wisconsin, Marekani, alikochukua udaktari wake mwaka 1985. Tasnifu yake ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Angalia miaka: riwaya ya nne mwaka 1979, kisha kimya cha riwaya zaidi ya miaka kumi, kisha kitu hiki. Aliyeondoka alikuwa mtunzi wa hadithi. Aliyerudi alikuwa mtu aliyeacha kuiamini hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho.

Kwa hiyo kosa ni kuisoma Nagona kama Rosa Mistika. Ukitafuta "nani kamfanya nini nani" utatoka mikono mitupu. Hicho ni kitabu cha fikra zinazotembea.

#4 Kiroboto wa Temeke
Mwalimu, fikra zikitembea si zingetuachia ramani jamani.

#5 Bint Tumbatu
Hamjambo? Ramani imo, Kiroboto, kwenye jina la kitabu cha pili. Mzingile ni ule mzingile mwambiji, njia zinazozunguka zikakurudisha ulipotoka. Sasa mtu kakuandikia mlangoni kwamba humu ndani utapotea, wewe umeingia, umepotea, unakuja kulalamika!

Fundi, wewe kosa lako umevisoma vyote mfululizo. Kezilahabi mfululizo? Huyu mwisho wa kila kitabu anamuua mtu. Rosa kajiua, Kazimoto kajiua, Tumaini kanyongwa. Pumzisha roho. Mimi sasa hivi nina Peponi, ile tafsiri ya riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah aliyoifanya Ida Hadjivayanis, imetoka Mkuki na Nyota mwaka 2022. Niliwahi kuisoma kwa Kiingereza chuoni nikaiona nzuri basi. Kwa Kiswahili imekuwa kitabu kingine. Yusuf anavyochukuliwa kwa deni la baba yake na yeye hajui, anadhani anakwenda kutembea... kwa Kiingereza nilisikitika, kwa Kiswahili nilikifunga nikaenda jikoni nikakaa. Labda kwa sababu neno "Ami" nimelisema mwenyewe tangu mdogo.

#6 msomaji_uchwara
Mwenye PDF ya Nagona aniwekee hapa plz

#7 Kiroboto wa Temeke
#6 watu wazima wanalia hawaelewi, wewe unataka na wewe ulie bure?

#8 Mkerewe wa Nansio
Wazima humu? Mimi nawashangaa mnavyokwenda Wisconsin mkaruka Ukerewe. Marehemu ni mtu wa kisiwani. Huyo mzee Kakulu wa kwenye Mzingile, kwetu -kulu ni mkubwa, mzee. Mtu wa kwetu akilisoma jina hilo anajua tayari anakutana na nani.

Bibi yangu alikuwa akihadithia usiku, na hadithi zake hazikuwa na adabu ya mwanzo na mwisho. Mtu anafuata mnyama porini, mnyama anageuka msichana, njia inajifunga nyuma yake, anamkuta kizee asiyekufa. Hakuna mtoto aliyeuliza "bibi, mhusika mkuu ni nani?" Paa wa kwenye Nagona, yule kiumbe anayefuatwa asiyekamatika, nilimjua kabla sijajua kusoma. Kinachowashinda ninyi ni kwamba mlifundishwa riwaya shuleni kabla ya kusikia ngano nyumbani.

Na mkitaka kukijua kisiwa, msikomee kwa Kezilahabi. Kuna Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikakaa, ikakaa, mpaka akaigeuza mwenyewe kuwa ya Kiswahili na ikachapwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano kitabu kinamngoja mchapaji! Mle ndani hakuna siasa wala mzungu. Mume na mke wanatafuta mtoto, basi, na jinsi watu walivyolima, walivyovua, walivyokwenda kwa wakwe. Nakirudia kila nikipanda meli kwenda nyumbani.

#9 Katekista Mstaafu
Amani kwenu. Mkerewe kasema kweli nusu. Nusu nyingine mmeisahau: mwandishi huyu alilelewa seminari, pale Nyegezi. Someni tena Nagona mkiwa na sikio la kanisani. Ungamo limo. Padri yumo. Mkombozi anangojwa. Msimulizi anakwenda kutoka kituo hadi kituo kama mtu anayefuata Njia ya Msalaba, ila msalaba wenyewe umeondolewa. Mimi niliposoma nilisikia mtu anayegombana na Mungu aliyefundishwa utotoni, na hata Rosa Mistika jina lenyewe ni la Bikira Maria kwenye litania: Waridi lenye fumbo. Ugomvi ulianza zamani. Kwenye Nagona aliacha tu kuufunika kwa hadithi ya binti wa shule.

Kwa umri wangu ningependa kumwuliza mwenyewe. Alitutoka Januari 2020.

#10 Fundi Saa
Shikamoo katekista. Hiyo ya litania sikuijua kabisa. Nimepita kwenye jina hilo mara elfu.

#11 Mzee wa Azimio
Mnazunguka mbuyu. Siasa hiyo.

Gamba la Nyoka, 1979, inazungumzia vijiji vya Ujamaa na watu waliosombwa kupelekwa huko. Waliokuwepo tunajua maana yake. Mwalimu Nyerere anang'atuka 1985. Nagona 1990. Azimio la Zanzibar linakuja Februari 1991 na kuliweka lile la Arusha, la Ujamaa, kaburini, bila matanga. Mzingile 1991. Ule mji mfu wenye ukimya na vitabu vya wanafalsafa ni sisi. Tuliahidiwa mkombozi wa kwanza, hakuokoa, tukabaki kumsubiri wa pili. Marx yumo mle kama mzee aliyekwishatoa neno lake na halijasaidia kitu.

Kwa nini hakusema wazi? Kwa sababu alikwishaonja. Rosa Mistika si ilipigwa marufuku mashuleni? Mtoto akiungua kwa moto, jivu analiogopa.

#12 Mwalimu wa Zamu
Mzee wa Azimio, shikamoo. Hapo kwenye Rosa Mistika niseme jambo. Marufuku ile haikuwa ya siasa. Walioipinga walikasirishwa na mambo ya mapenzi na utoaji mimba, kwamba itaharibu wasichana. Ni kichekesho, kwa maana kitabu kizima ni onyo kwa wazazi.

Na kama alikuwa anajificha, mbona Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 haikujificha? Tumaini anataifishiwa mali, anaua kiongozi wa serikali, ananyongwa. Ilichapwa Ujamaa ukiwa moto.

#13 Mzee wa Azimio
Marahaba. Na Kaptula la Marx je, mwalimu? Tamthilia yake. Imeandikwa mwishoni mwa miaka ya 70. Imechapwa lini?

#14 Mwalimu wa Zamu
1999.

#15 Mzee wa Azimio
Basi.

#16 Kiroboto wa Temeke
Hapo kwa "Basi" mwalimu amekaa chini na chaki mkononi 😂

Mimi Kezilahabi wangu wa kwanza alikuwa wa kimakosa. Niko kidato cha pili, nazisoma zile za Willy Gamba za Elvis Musiba, risasi, warembo, Kinshasa. Nikaona kitabu kimeandikwa GAMBA LA NYOKA. Nikajua hii Willy kaenda kupambana na majoka. Nikatoa hela yangu ya chapati za wiki. Nimefika katikati bado wanahamishia watu vijijini. Nikasubiri Willy atokee na bastola awakomboe. Mpaka leo.

#17 Bint Tumbatu
Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

#18 Mombasa Raha
Wadau, salamu kutoka Kenya. Sisi huku tulilelewa na vitabu vya mtihani, kwa hiyo ladha zetu zilipangwa na wizara. Wa rika langu ni Utengano, wadogo zangu Kidagaa Kimemwozea, waliofuata Chozi la Heri. Nagona niliisikia chuo kikuu, mhadhiri akiitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja maradhi.

Lakini Fundi, kama unataka ngazi ya kupandia, usianze na Nagona. Anza na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, 2002. Humo pia kuna msafiri anayepita dunia ya ajabu ajabu akitafuta kiini cha balaa, ila Wamitila anakushika mkono, na anachekesha. Ukitoka hapo ingia Ziraili na Zirani ya Mkufya, 1999, vita vya kuzimu na mbinguni. Ndipo urudi Nagona. Mimi nilifanya hivyo na safari ya pili nilifika angalau nusu ya njia.

Maoni yangu: Kezilahabi alikuwa ametangulia wenzake kama miaka kumi, na aliyetangulia hana wa kumwuliza njia.

#19 Kiroboto wa Temeke
Utengano ya Adam Shafi naikumbuka, ile ya Yasmin na mzee wa Kihindi.

#20 Mombasa Raha
Kiroboto, umechanganya mabegi. Utengano ni ya Said Ahmed Mohamed, 1980, ni Maimuna, binti wa Maksuudi. Yasmin ni wa Vuta N'kuvute, hiyo ndiyo ya Adam Shafi, anamkimbia Mzee Raza.

Na ukiwapanga Maimuna na Rosa pamoja utashangaa. Baba mmoja anafungia binti ndani, mwingine anampiga kwa sababu ya barua. Mabinti wote wawili wakipata upenyo wanakimbia bila breki. Mmoja wa pwani, mmoja wa ziwani, vitabu vimepishana miaka tisa tu. Ila Maimuna anapewa njia ya kurudi, Rosa hapewi.

#21 msomaji_uchwara
Vuta N'kuvute si ni ya juzi tu 2021? Niliona tangazo lake

#22 Bint Tumbatu
Hiyo 2021 ni filamu, ya Amil Shivji. Kitabu ni cha 1999, na hadithi yenyewe ni ya Unguja kabla ya mapinduzi. Kisome, kinakwenda kama mashua yenye upepo. Denge anavyotoroka polisi utadhani ndiye Willy Gamba anayemtafuta Kiroboto.

#23 Mama Kahawa
Mimi nasema la kwangu, mniwie radhi si msomi. Nagona haieleweki kwa sababu haina mwanamke anayepika, anayefua, anayegombana na jirani. Rosa Mistika ina Regina, mama anayevumilia mlevi na watoto wa kike mfululizo mpaka apate wa kiume. Nilimjua Regina, alikuwa mama yangu mdogo. Kwenye Nagona wote ni mawazo yenye miguu. Wanaume wakizeeka wanaandika hivyo, wanaacha watu wanaingia angani. Mnasema amepanda ngazi. Mimi naona alituacha chini.

#24 Katekista Mstaafu
Mama Kahawa, kati ya yote yaliyosemwa hilo ndilo limenigusa. Sikubaliani nalo lakini limenigusa.

#25 Mwalimu wa Zamu
Mimi nakubaliana nalo kiasi, ingawa msinitaje kazini. Ila naongeza: hata kabla ya riwaya hizi alikwishazoea kulaumiwa. Kichomi, diwani yake ya 1974, aliitunga kwa mashairi huru, bila vina wala mizani, na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, waliokuwa wakimshika Sheikh Amri Abedi na sheria zake za kutunga mashairi za 1954 wakasema huo si ushairi bali ni insha iliyokatwakatwa. Leo wanafunzi wangu wanaandika huru bila kujua kwamba kuna watu walitukanana kwa ajili yake. Huenda baada ya miaka arobaini kuna mtoto ataisoma Nagona kama maji.

#26 Mkerewe wa Nansio
Au huenda hatasoma kabisa, maana havipatikani. Nilizunguka Mwanza nikitafuta Mzingile, muuzaji mmoja akaniletea kitabu cha Jiografia.

#27 Mombasa Raha
😂😂 Angalau ramani utapata, ile aliyoidai Kiroboto #4.

#28 Mkerewe wa Nansio
Fundi, bado upo? Jaribu kitu kimoja. Usisome kwa macho. Soma kwa sauti, usiku, kwa mtu mzima asiyejua kwamba ni "fasihi". Kisha urudi.

#29 Fundi Saa
Nipo, nasoma yote. Asanteni. Mpaka sasa nimehesabu: Marekani, bibi wa Ukerewe, seminari, Azimio, na uzee wa wanaume. Nitajaribu la Mkerewe. Mama mkwe yuko hapa wiki hii na umeme nao mnaujua.

#30 Kiroboto wa Temeke
Mama mkwe na Nagona gizani. Ndoa imekosa nini?

#31 Fundi Saa
Wakuu, nimerudi. Jana umeme ulikatika saa mbili. Nikawasha tochi ya simu nikamsomea mama mkwe sura ya kwanza, nikiona aibu kidogo. Nilitegemea asinzie. Akawa anaitikia, "ehee", "ehee", kama anayesimuliwa habari za msiba. Nilipofika penye ule mji usio na sauti akanizuia, akauliza: "Hao watu wake wamekufa au wamekatazwa kusema?"

Nikafungua kurasa kutafuta jibu. Sijaliona. Nikamwambia mama, sijui. Akasema basi endelea, tutajua mbele.

Simu ikaisha chaji tuko ukurasa wa kumi na mbili. Leo asubuhi kabla ya chai kaniuliza kitabu kiko wapi.

#32 Mzee wa Azimio
Wamekatazwa kusema. Mwambie mama mkwe.

#33 Katekista Mstaafu
Wamekufa, ndugu.

#34 Mama Kahawa
Mwacheni mama asome mwenyewe! Fundi, akimaliza hicho mpe Rosa Mistika, halafu uje utuambie kamlilia nani. Mimi naweka chai yangu kwa Regina.

#35 msomaji_uchwara
Sasa PDF ndiyo hakuna?